Tukirundika mawe, samaki watarudi? Namna ya kupanga mawe pale mwamba ulipovunjwa na baruti

Ndugu msikilizaji, baada ya kipindi chetu kuhusu uvuvi wa baruti tulipokea ujumbe mwingi wa simu. Mvuvi mmoja aliandika hivi: kwenye mwamba wetu wamelipua miaka na miaka, sasa wameacha, lakini mwamba haujarudi. Huku juu tuna mawe tele. Tukiyabeba kwa mashua tukayamwaga pale, samaki watarudi?

Hewani tulimjibu kwa dakika moja, na haikutosha. Inawezekana, ila inategemea sana mawe yanawekwa wapi na yanapangwaje.

Kwa nini mwamba haujarudi wenyewe

Wengi wetu tumezoea kuyaona matumbawe kama mawe. Hata wazee wetu katika sehemu nyingi za pwani waliyavunja na kuyachoma kwenye tanuru wapate chokaa ya kujengea. Lakini tumbawe ni wanyama wadogo sana walioshikana pamoja, na kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa chini yake. Watoto wao huelea majini kwa siku kadhaa, kisha hutafuta mahali pagumu pa kujishikiza. Mtoto wa tumbawe ana ukubwa wa kama kichwa cha pini. Akishashika mahali, hahami tena maisha yake yote.

Sasa fikiria baruti. Bomu moja la chupa huvunja eneo lenye upana wa mita moja hivi. Shimo likiwa moja tu, limezungukwa na matumbawe hai, linaweza kuanza kupona vizuri ndani ya miaka 5. Watafiti walilishuhudia hilo huko Ufilipino. Shida ni pale mabomu yalipoanguka juu ya mabomu, mwamba ukawa uwanja wa vifusi. Vifusi havitulii. Kila maji yanapojaa na kutoka, vipande vinabingirika. Mtoto wa tumbawe ameshika kipande leo, kesho kimepinduka, naye yuko chini yake hana mwanga. Watoto wapya wanakuja kila mwaka na kila mwaka wanakufa. Ndiyo maana ndugu yetu anaona baruti imekwisha lakini mwamba uko vilevile.

Kinachokosekana hapo, basi, ni sakafu isiyotikisika. Jiwe kubwa linaweza kuwa sakafu hiyo.

Somo kutoka kwenye tangi la kioo

Pwani ya Kenya wapo wavuvi wanaozamia kukamata samaki wadogo wa rangi wanaouzwa ng'ambo. Samaki hao huishia kwenye matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, majumbani mwa watu Ulaya na Marekani. Huenda ukaona ni anasa ya watu wenye fedha za kuchezea, na hatutabishana nawe. Lakini wafugaji hao wamejifunza jambo moja kwa hasara zao wenyewe: kabla ya kuweka samaki au tumbawe, panga mawe vizuri.

Jiwe la chini hawaliweki juu ya mchanga. Huliweka kwanza kwenye sakafu ya tangi, ndipo mchanga ukamwagwa kulizunguka, kwa sababu samaki na kamba wanaochimba wataufukua mchanga na mawe yataporomoka, pengine yapasue kioo. Hawayabananishi kama ukuta. Huacha mapango na vichochoro, maji yapite kila upande, maana uchafu ukituama nyuma ya rundo huoza na kuharibu maji ya tangi zima. Hata samaki wanahitaji vichochoro hivyo. Samaki mdogo asiye na tundu la kukimbilia hana raha, anafukuzwa na wenzake mpaka anadhoofika.

Baharini hakuna kioo cha kupasuka, lakini mambo ni yaleyale: jiwe litulie, maji yapite, na matundu yawepo.

Waliojaribu: Komodo, Indonesia

Mfano tunaoupenda zaidi unatoka Hifadhi ya Taifa ya Komodo, Indonesia, kwenye visiwa vyenye mikondo mikali, ambako wavuvi nao walilipua baruti kwa muda mrefu. Mwanasayansi wa Marekani, Helen Fox, na wenzake walijaribu njia tatu: nyavu zilizotandazwa na kubanwa juu ya vifusi, vibamba vya saruji, na vilima vya mawe. Vilima vya mawe vilishinda.

Mwaka 2002 wakaongeza kazi. Mawe ya nchi kavu yalipakiwa kwenye vyombo, yakashushwa katika maeneo manne, jumla zaidi ya mita za mraba 6,000. Walijaribu mipango mbalimbali: mahali pengine waliyatandaza yakafunika vifusi vyote, pengine waliweka vilima vilivyoachana mita chache, na pengine matuta marefu, mengine yakifuata mkondo na mengine yakiukingama.

Hakuna aliyepanda tumbawe hata moja kwa mkono. Walipopima mwaka 2016, matumbawe magumu yalikuwa yamefunika, kwa wastani, zaidi ya asilimia 40 ya mawe hayo. Kabla ya mawe hapakuwa na kitu. Lakini hesabu miaka, ndugu msikilizaji: ni 14. Aliyeanza kazi hiyo akiwa na mtoto mchanga alimwona akifika sekondari.

Kwa pwani yetu

Turudi kwa aliyetuuliza. Usichukue mawe kutoka kwenye mwamba wenyewe, hata yanayoonekana yamekufa. Chukua ya nchi kavu, yenye uso wa kukwaruza, na makubwa kiasi kwamba wimbi haliwezi kuyabingirisha. Kokoto na mawe ya ukubwa wa nazi ni kuongeza vifusi juu ya vifusi. Rundika yapande juu, kilima kifike kiunoni hivi, kwa sababu kilima kifupi vifusi vinavyosafiri na mkondo vitakizika. Yashike sawasawa chini, lakini juu acha matundu ya ukubwa tofauti: tundu la chewa si tundu la tasi mdogo.

Usiyaweke juu ya tumbawe hai wala kwenye majani ya bahari. Yasiwe mahali panapokauka wakati wa bamvua, maana tumbawe linaloachwa juani kwa muda mrefu linakufa. Na pawe karibu na mwamba ulio hai, ambako watoto wa matumbawe watatoka.

Mawe mapya yataota mwani kwanza. Hapo ndipo pono anahitajika, kwa kuwa yeye hula na kukwangua mwani, tumbawe likapata nafasi. Kijiji kikishusha mawe na wiki ijayo kikazungusha nyavu hapohapo, pono wataishia sokoni na mwani utafunika kila kitu. Mawe huvuta samaki haraka, na hilo ndilo jaribu lenyewe. Kwa maoni yetu, kama kijiji hakijakubaliana kuliacha eneo hilo bila kuvuliwa, ni heri mawe yabaki nchi kavu.

Kushusha mawe baharini pia kunahitaji ruhusa. Anzeni na BMU yenu na ofisa uvuvi wa wilaya. Kama ni ndani ya hifadhi, nendeni kwa wasimamizi wa hifadhi ya bahari. Na kama baruti bado inasikika, msipoteze nguvu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti Tanzania, kwa hiyo toeni taarifa kwanza.

Halafu msianze na mashua kumi. Wekeni vilima vitatu au vinne mwezi wa Machi, kabla kusi haijaanza kuvuma, mkiweka alama za mahali. Kusi ikipita na bahari ikatulia, zamieni mkaangalie. Kama mawe yako palepale mlipoyaacha na hayajazikwa, ongezeni. Kama yamesogea, tafuteni makubwa zaidi, au tafuteni mahali pengine.