Fahamu: Chanjo ya homa ya manjano ichomwe lini kabla ya safari

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano kinachokaguliwa mipakani, huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayechanjwa Jumatatu na kuvuka mpaka wa Sirari Jumatano kuelekea Kenya au Uganda anabeba cheti kisichofanya kazi bado. Baya zaidi, mwili wake haujajenga kinga. Nchi hizo mbili zina hatari ya ugonjwa huu unaoenezwa na mbu, hivyo cheti kinaweza kudaiwa hata wakati wa kurudi Tanzania.

Kwenye cheti, jina lilingane na la pasipoti, na tarehe, namba ya toleo la chanjo, saini na muhuri viwepo. Tangu Julai 11, 2016 dozi moja inatambulika kwa maisha yote, hata kama kijitabu cha zamani kimeandikwa miaka 10.

Anayekwenda Hija huhitaji pia chanjo ya homa ya uti wa mgongo, angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida huchukua miezi sita kukamilika. Ndiyo maana ni busara kumwona mtaalamu wiki nne hadi sita kabla ya safari, au mapema zaidi kwa anayehitaji chanjo ndefu kama hiyo ya homa ya ini B.

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Wajawazito, wenye kinga dhaifu na wazee wa miaka 60 na zaidi wazungumze kwanza na daktari.