Mafuta ya Kula Hayatoi Gunzi Tumboni mwa Mbwa

Swali huja karibu kwa maneno yale yale: "Dokta, mbwa wangu amemeza gunzi la hindi. Nimpe mafuta vijiko vingapi?"

Hata kimoja usimpe.

Watu hudhani kitu kimekwama kwa ukavu, kwa hiyo kikilainishiwa njia kitateleza. Utumbo wa mbwa tayari una ute wa kutosha. Gunzi hukwama kwa sababu ni nene kuliko njia, na misuli ya utumbo imelibana. Mafuta yakifika hapo, ama yanapenya pembeni na kuliacha palepale, ama yanarudi na matapishi. Hapo ndipo balaa linapoanza. Maji yakipotea njia kooni, mbwa hukohoa akayatoa. Mafuta huteremka hadi mapafuni bila kumkohoza, na nimonia inayofuata ni ngumu kutibu. Mafuta mengi kwa mpigo yanaweza pia kumletea uvimbe wa kongosho. Maji ya chumvi ya kumtapishia ni hatari zaidi: chumvi ikizidi damuni huvuruga ubongo, mbwa akapata degedege na kufa. Wala usiniambie "lakini bado anapata choo." Choo kilichokuwa mbele ya kizuizi kitaendelea kutoka, na huku nyuma kumeziba.

Kinachoniuma zaidi ni mbwa aliyepigwa eksirei, mwenyewe akaambiwa picha ni safi, akarudi nyumbani kwenye chupa ya mafuta. Eksirei huonyesha vizuri chuma, jiwe na mfupa. Soksi, plastiki, kokwa la embe au kijiti cha mshikaki vinaweza kupita bila kuonekana. Kwa altrasaundi tunanyoa tumbo, tunapaka jeli, tunatafuta. Mawimbi ya sauti yakigonga gunzi hurudi yakiwa mstari mweupe uliopinda, na nyuma yake kivuli cheusi. Kabla ya kizuizi utumbo umejaa maji yanayosukwa huku na huku. Baada yake ni mtupu. Upana wa utumbo ukizidi sentimita 1.5, nina shaka kubwa. Kamba nayo huukunja utumbo kama kitambaa kilichovutwa uzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kwa mbwa 82 waliokuwa wakitapika, eksirei ilitoa jibu la uhakika kwa asilimia 70, altrasaundi kwa asilimia 97. Altrasaundi nayo haioni kila kitu: gesi huizuia, chakula kingi huficha kitu, na mpimaji asiyezoea hupotea. Ndiyo maana mara nyingi tunafanya vyote viwili.

Sasa ya kufanya. Usimlishe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, useme alimeza nini na saa ngapi. Ukiwa na kipande kinachofanana, kibebe. Kitu alichomeza kikiwa laini na bado kimo kwenye mfuko wa chakula, daktari anaweza kumtapisha kwa sindano. Kitu chenye ncha, betri, au mbwa aliyelegea: hatapishwi. Kamba ikichungulia mkunduni usiivute, itakata utumbo. Palipo na kamera ya mrija, vingine hutolewa bila kisu. Vilivyobaki ni upasuaji: utumbo ukiwa bado hai tunaufungua, tunatoa gunzi, tunashona; ukishakuwa mweusi, kipande chote hicho kinakatwa na ncha mbili kuunganishwa. Betri ndogo ya duara haingoji hata kesho asubuhi, maana huunguza nyama ndani ya saa chache.