Chambo cha Mbao Kiogeleacho Chini ya Maji: Uchongaji na Matumizi Yake

Mvuvi wa mshipi huingia gharama kabla hajashika samaki hata mmoja. Ngisi, dagaa na vibua anaowatia ndoanani ni kitoweo ambacho kingepikwa nyumbani au kuuzwa mnadani, na siku chambo kinapoadimika chombo hubaki ufukweni. Chambo cha mbao kilichochongwa vizuri huipunguza gharama hiyo, kwa kuwa hutumika safari nyingi na hakiozi. Makala haya yanawaeleza wavuvi na mafundi seremala wa mwambao namna chambo hicho kinavyofanya kazi, kinavyotengenezwa na kinavyotumika kwa usalama.

Kinavyofanya kazi

Samaki wawindao, kama vile nguru, kolekole, mzia na jodari, huvutwa na samaki mdogo aendaye kwa kuyumba kana kwamba ameumia. Mwaka 1936, mvuvi wa Finland aitwaye Lauri Rapala alichonga kwa kisu na msasa chambo kilichoiga mwendo huo, akakifunika kwa karatasi ing'aayo ya kufungia chokoleti. Vifaa vyake havikuwa vya kiwandani. Alichokuwa nacho ni jicho la kumtazama samaki na subira ya kukijaribu chambo mpaka kiende sawa.

Siri ya mwendo huo ni vitu viwili. Cha kwanza ni ulimi, yaani kibati kidogo kilichochomekwa chini ya kidevu. Chambo kinapovutwa, maji huusukuma ulimi na kukizamisha, kisha hupenya upande mmoja na mara upande wa pili, nacho chambo kikatikisika. Cha pili ni uzito wa risasi uliowekwa tumboni. Ulimi unapokilaza ubavu, risasi hukirudisha wima. Pasipo ulimi, chambo huburutwa kama kijiti; pasipo risasi, hupinduka na kuusokota mshipi.

Ulimi mfupi uliosimama karibu wima hukiweka chambo karibu na uso wa maji. Ulimi mrefu uliolala kuelekea mbele hukipeleka chini zaidi. Unene wa mshipi nao una sehemu yake, kwani mshipi mnene huzuiwa na maji na kukinyima chambo kina.

Kuchagua mbao

Si lazima kununua mbao mpya wala kukata mti. Mabaki ya karakana ya seremala yanatosha. Msufi ni mwepesi na huchongeka kwa urahisi, lakini meno ya nguru huuharibu upesi. Mwembe, ambao wachongaji wa ngalawa wanaufahamu vyema, una uzito wa kadiri na huwafaa wanaoanza. Mninga hudumu. Mbambakofi haufai kwa chambo cha kuelea, kwa kuwa ni mzito mno. Mbao yoyote itakayotumika iwe imekauka kabisa, isiyo na fundo wala ufa. Mikoko isiguswe; ni mazalia ya samaki na inalindwa na sheria.

Hatua za uchongaji

Kwanza, andaa kipande chenye urefu wa sentimita 15, kimo cha sentimita 3 na unene wa sentimita 2.5. Piga mstari wa katikati kukizunguka chote, kisha chora umbo la samaki ubavuni.

Pili, kabla hujakiviringisha, pasua kwa msumeno mfereji wa tumboni kutoka puani hadi mkiani, na mwanya wa ulimi chini ya kidevu kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi. Kazi hii ifanyike kipande kikiwa bado na pembe zake. Mwanya uliokatwa katika mbao ya mviringo mara nyingi huenda upande, na hapo chambo hakitaogelea sawa.

Tatu, chonga kwa kisu, ukipunguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja, kisha piga msasa.

Nne, kunja waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu upite mwili mzima: kitanzi cha kufungia mshipi puani, kingine tumboni na cha tatu mkiani. Hapa pasifanyiwe pupa. Skrubu fupi iliyochomekwa katika mbao huweza kung'oka samaki mkubwa akivuta, lakini waya uliopita mwilini humshikilia hata mbao ikipasuka.

Tano, kata ulimi katika bati la alumini au plastiki ngumu ya milimita 2, upana wake ukizidi kidogo unene wa chambo. Uachie nafasi ndogo katikati ili waya upite, kisha laini kingo zake kwa msasa.

Sita, kabla ya kutia gundi, funga kwa mpira ulimi, waya, ndoana na risasi ya gramu 8 hadi 10 chini ya kifua, kisha kitie chambo katika ndoo ya maji ya bahari. Kielee wima, mgongo ukionekana kidogo tu. Kikielea juu mno, ongeza risasi, kikizama, punguza. Jaribio lisifanyike kwa maji ya kisima, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5, na chambo kilichopimwa kisimani kitaelea zaidi kikifika baharini. Tumia risasi za nyavu zilizo tayari. Kuyeyusha risasi ya betri jikoni hutoa moshi wenye sumu, hasa kwa watoto.

Saba, vikishapimwa, gandisha waya, risasi na ulimi kwa gundi ya kuchanganya isiyopitisha maji. Paka rangi, tumbo jeupe na mgongo wa buluu au kijani iliyokolea, kisha vanishi mara 3, kila mkono ukikauka kabla ya unaofuata. Maji yakipenya, mbao huvimba na vipimo vyote huharibika.

Kukirekebisha na kukirambaza

Kivute chambo kando ya chombo kabla ya kukiachia mbali. Kikikimbilia kushoto, pinda kitanzi cha puani kidogo kuelekea kulia. Kikikimbilia kulia, pinda kuelekea kushoto. Mpindo mdogo kwa praizi unatosha.

Kisha kiachie mita 25 hadi 40 nyuma ya chombo na kurambaza kwa mwendo wa noti 3 hadi 6, ambao ngalawa yenye upepo mzuri huufikia bila kuchoma petroli. Pita kando ya miamba na mahali ndege wanapoizamia dagaa. Weka kipande cha waya mbele ya chambo, kwani nguru na mzia hukata mshipi kwa meno. Katika maji machafu ya midomo ya mito, chambo hiki hakionekani vizuri, na kwa samaki wakaao chini kabisa mshipi wenye chambo halisi bado ni bora. Kiongezwe katika zana za mvuvi, kisizifute nyingine.

Mshipi usizungushwe mkononi kamwe. Samaki mkubwa huweza kukata vidole au kumtosa mtu baharini. Utumie kibao cha kuzungushia. Ndoana ikizama mwilini kupita kikwazo chake, isivutwe kwa nguvu. Nenda kituo cha afya, ambako pia utapewa ushauri wa kinga ya pepopunda. Kasa akinaswa, afunguliwe na kurudishwa baharini akiwa hai.

Sheria na huduma

Matumizi ya chambo cha mbao hayamwondolei mvuvi wajibu wa leseni ya uvuvi na usajili wa chombo kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Maeneo ya hifadhi za bahari yana masharti yake kuhusu zana na kanda; ulizia kabla ya kwenda.

Afisa Uvuvi wa kata na viongozi wa Kikundi cha Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi ndio wa kwanza kuonwa kwa ushauri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kuchonga vyambo kwa ajili ya kuuza vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Seremala na mvuvi wakikaa pamoja katika kikundi kimoja, kazi itakuwa nyepesi zaidi: mmoja anaijua mbao, mwenzake anamjua samaki.