Meya wa New York, babu na bibi yake walizaliwa Tanganyika!



Juzi nilishuka Bariadi mjini kutoka kwetu Dutwa, nikaingia steshenari moja yenye kompyuta nne kutuma barua ya kazi. Mbili zilikuwa mbovu, moja imekaliwa na vijana wa kubeti, kwa hiyo ikabidi nisubiri. Ndipo nikakuta ubishi. Jamaa mmoja amefungua picha ya Zohran Mamdani, anawaambia wenzake: "Mnamwona huyu? Mtoto wa mkimbizi wa Uganda, kasoma kwa shida, kalala chini, leo ni meya wa New York. Nyie kazi kulalamika tu!" Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba akadakia: "Uganda wapi? Huyo Mhindi bwana." Ikawa vurugu, mpaka mwenye duka akatutishia kuzima umeme.

Nikaahidi kwamba nitaandika. Maana jamaa alikosea sana, na mzee naye hakupatia.

Tuelewane kwanza. Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala tarehe 18 Oktoba 1991. Alishinda umeya wa New York tarehe 4 Novemba 2025 na kuapishwa Januari mosi 2026. Hilo jina la Kwame alipewa na baba yake kwa heshima ya Kwame Nkrumah wa Ghana. Hayo wengi mnayajua. Mimi nataka kuzungumzia shule, na shule yenyewe haianzi kwake, inaanzia kwa baba yake.

Baba yake ni Profesa Mahmood Mamdani. Alizaliwa Bombay mwaka 1946 lakini alikulia Kampala, na wazazi wake wote wawili, yaani babu na bibi yake Zohran, walizaliwa hapa hapa Tanganyika. Asili yao ni Gujarati, India. Kizazi kimoja kinazaliwa Tanganyika, kinachofuata kinazaliwa Bombay na kukulia Uganda, wa tatu anazaliwa Kampala halafu anaongoza New York. Sasa hebu nikuulize wewe msomaji, hapo kwao ni wapi?

Sisi wa Usukuma tuna picha yetu ya Mhindi, na siilaumu, ina historia. Wazee wanakumbuka enzi za wanunuzi wa pamba wa Kihindi, wenye majineri, na ile mizani ambayo mkulima hakuiamini hata kidogo. Hasira ya mizani ndiyo iliyowafanya wakulima wa Kanda ya Ziwa wajiunge chini ya akina Paul Bomani, wakaunda vyama vyao, hadi mwaka 1955 chama kikuu cha VFCU kikasimama. Kwa hiyo mzee wa hati anaposema "huyo Mhindi", moyoni anamaanisha mwenye mizani. Na serikali ya mkoloni ilichangia: shule zilitenganishwa, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mngejuana saa ngapi? Mahmood naye alisoma katika mfumo huo huo.

Kilichomtoa ni karatasi moja. Mwaka 1963, Uganda haijamaliza hata mwaka tangu ipate uhuru wake wa Oktoba 1962, au ndiyo kwanza inaumaliza, Mahmood akawa mmoja wa vijana wa nchi hiyo waliopata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akamaliza 1967. Akiwa huko alijiunga na wanafunzi waliokwenda Montgomery, Alabama, kuandamana kudai haki za weusi, akakamatwa na kuwekwa ndani. Akampigia simu balozi wa Uganda kuomba msaada, balozi akamjia juu: unaingiliaje mambo ya ndani ya nchi ya watu? Kijana akajibu kwamba hayo si mambo ya ndani, ni mapambano ya uhuru yale yale ya kwao. Hii kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote, nimeirudia kuisoma mara tatu.

Akarudi Kampala kufundisha Makerere. Agosti 1972 Idi Amin akatoa amri yake: Waasia siku 90 mmeondoka. Mahmood akaishia Uingereza, kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo jamaa wa steshenari hakusema uongo mtupu, mkimbizi alikuwepo. Ila alikuwa baba, tena miaka 19 kabla mtoto hajazaliwa!

Na nani akampokea? Mwaka 1973 alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, enzi zile ubishi wa siasa ulikuwa hauishi. Akiwa huko akamaliza PhD yake ya Harvard, 1974, na akaandika kitabu chake kuhusu siasa na matabaka ya Uganda. Amin alipoanguka 1979 akarejea kwao. Mwaka 1984 serikali ya Obote ikamvua uraia kwa sababu ya kuikosoa, yeye akiwa safarini Dakar. Akarudi tena Dar. Yaani mtu mmoja, nchi moja, kafukuzwa mara mbili na serikali mbili ambazo zenyewe zilikuwa maadui. Mwaka 1986 ndipo akaingia tena Uganda.

Mama ni Mira Nair, mzaliwa wa India, naye amesoma Harvard, mtengeneza filamu. Wapenzi wa Denzel Washington mtaijua Mississippi Masala ya mwaka 1991: ile familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda wakaishia kusini mwa Marekani. Mama alikwenda Kampala kufanya utafiti wa filamu hiyo, ndipo akakutana na profesa. Wakaoana, wakakaa kilima cha Buziga, unaliona Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo ambalo sisi tunalifuata Lamadi kununua samaki.

Haya, mtoto sasa. Kampala alikaa mpaka miaka mitano. Baba akapata kazi Chuo Kikuu cha Cape Town, familia ikahamia Afrika Kusini, Zohran akasoma St. George's Grammar School. Akiwa na miaka saba wakahamia New York, baba anafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Dogo akaingia Bank Street, shule ya binafsi ya watoto wa wenye uwezo, kisha Bronx High School of Science. Hii ya pili ni ya serikali, haina ada, lakini kuingia ni kwa mtihani wa ushindani, kama sisi tunavyozisikia Ilboru na Kibaha. Hapo aliwahi kugombea umakamu wa rais wa wanafunzi kwa kuahidi juisi ya matunda halisi. Akapigwa chini! Alichofanikiwa ni kuanzisha timu ya kriketi ya shule pamoja na wenzake.

Kwa hiyo kulala chini hakupo. Mtoto wa profesa na mtengeneza filamu, nyumbani vitabu ukutani, wageni mezani ni wasomi. Simsemi vibaya, hata yeye mwenyewe hafichi kwamba alilelewa vizuri. Nalisema kwa sababu vijana tunapigwa na hadithi ya "alitoka sifuri" mpaka tunajiona wazembe. Mwenzetu hakutoka sifuri. Aliyetoka karibu na huko ni baba, na baba alinyanyuliwa na ufadhili wa masomo uliotolewa na serikali. Bila ule wa 1963, hata picha ile kwenye kompyuta tusingeiona.

Sasa fomu. Mwaka 2009 Zohran aliomba chuo cha Columbia, palepale anapofundisha baba. Fomu za Marekani zinauliza wewe ni mtu wa rangi gani, unaweka tiki kwenye kisanduku. Akaweka kwenye Mwasia, akaweka pia kwenye Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika, halafu akaandika kwamba ni Mganda. Nafasi yenyewe hakupata! Julai 2025, katikati ya kampeni, gazeti la New York Times likaitoa habari hiyo, ikawa kelele: kajifanya mweusi ili apate upendeleo. Yeye akajibu kwamba hajioni kuwa mweusi, ila visanduku vile havikutosha kueleza alikotoka.

Mimi nilimwelewa mara moja. Babu yangu mzaa baba alivuka kutoka upande wa Kenya akiwa kijana, akifuata kibarua cha jineri, akaoa Msukuma, akazikwa huku. Nilipomaliza fomu foo nilikwenda ofisi moja kujaza karatasi zangu, afisa akatazama jina la babu, akaniuliza: "Huyu alizaliwa mkoa gani?" Nikanyamaza. Niliambiwa nirudi na barua ya mtendaji, kisha nirudi na shahidi, kisha nirudi tu. Miezi minne. Nafasi niliyokuwa naitafuta ikapita.

Nimalizie shule. Mwaka 2014 alihitimu Bowdoin College, chuo kidogo cha gharama jimboni Maine, akiwa amesomea masuala ya Afrika na watu weusi duniani. Hakukimbilia siasa. Mwaka 2016 alikuwa Kampala anarap kwa jina la Young Cardamom na rafiki yake Mganda, wimbo wao Kanda (Chap Chap) unasifia chapati! Kisha akawa mshauri wa watu waliokaribia kunyang'anywa nyumba kwa madeni huko Queens. Uraia wa Marekani akaupata 2018, miaka miwili baadaye akachaguliwa bunge la jimbo la New York. Na wale mlioanza kusema atakuwa rais kama Obama, hapana. Katiba yao inataka rais awe raia wa kuzaliwa, ndiyo maana hata Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, aliishia ugavana.

Jana nikakutana na yule mzee wa hati stendi. Nikamweleza yote, nikamaliza na ile ya babu na bibi kuzaliwa Tanganyika. Akanitazama kwa muda, akavua kofia, akaniuliza:

"Mkoa gani?"

Haya wadau, uwanja ni wenu. Matusi sipitishi.