Safari ya Pikipiki Katika Milima ya Buha

Sisi tukaao Kasingirima na Ujiji twazijua sana habari za ziwa: pepo zake, dagaa wake na vyombo vyake. Walakini wengi wetu hatuijui milima iliyo nyuma yetu, ingawa kila siku twala maharagwe na ndizi zitokazo huko. Maji ya ziwa yako yapata meta 770 juu ya bahari, navyo vilima vya Buha vyapita meta 1,500. Zamani mtu aliipanda milima hiyo kwa miguu, mzigo kichwani, akilala njiani. Sasa iko barabara ya lami itokayo Mwandiga hata Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, yapata kilomita 60, naye mwenye pikipiki huimaliza kwa muda mfupi. Wepesi huo ni jambo la kushukuru, lakini una hatari zake. Nazo ndizo nitakazo kuwaeleza.

Mwezi wa Novemba rafiki yangu, fundi seremala wa hapa Kasingirima, alipata habari ya kuwa mjomba wake aliye upande wa Manyovu ni mgonjwa, naye atamani kumwona. Akanijia akasema, “Mwalimu, nifuate. Njia ya mlimani haitaki mtu mmoja.” Nikakubali.

Neno lake ni kweli hata kwa wasafiri wa mbali. Mwezi wa Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki moja yenye kigari cha ubavuni na kitoroli cha kukokotwa nyuma. Walivuka jangwa la Sahara, wakapita hata Afrika ya Mashariki, wakafika Cape Town mwezi wa Julai 1935. Pikipiki ilipozama mchangani, mmoja peke yake asingaliweza kuitoa, wawili waliitoa.

Jioni kabla ya kuondoka fundi alikagua tairi, mnyororo na breki, akajaza upepo zaidi katika gurudumu la nyuma kwa sababu ya uzito wetu. Zawadi zetu, yaani dagaa wakavu na dumu dogo la mawese, alizifunga chini na kwa nguvu, zisiyumbe kwenye kona. Kofia ngumu zilikuwa mbili, yake na yangu, maana sheria ya nchi yawataka wote wawili wavae, dereva na abiria.

Tulipopita Mwandiga tukaanza kupanda. Joto la ziwani likabaki nyuma, na huko Kalinzi, penye mashamba ya kahawa na migomba, tukasikia baridi hata tukafunga vifungo vya makoti. Upande wa kushoto uko mgongo mrefu wa milima. Ng'ambo yake, mteremko ushukao ziwani ndio Gombe, mahali alipokuja Jane Goodall mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Tena katika milima ya mpakani ndiko uanziako mto Malagarasi. Jambo la ajabu ni hili: chanzo chake si mbali na ziwa, walakini mto haushiki njia fupi. Huenda kwanza kaskazini na mashariki, ukazunguka nchi, ukapita Uvinza penye chumvi, ndipo ufikapo ziwani kusini mwa Ujiji, baada ya mwendo wa kilomita 475 hivi.

Tulimkuta mzee kitandani, lakini alipoisikia sauti ya mpwa wake aliketi, akatuamkia kwa kupiga makofi polepole, kama ilivyo desturi ya Waha. Siku ya pili alipata nguvu ya kuota jua uani, akatupa habari za ujana wake. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo vijana wengi wa Buha walikuwa wakiteremka kwa miguu kupanda gari la moshi, waende kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Watu waliwaita manamba. Yeye naye alikwenda. Akasema, “Wanangu, tulikuwa tukitembea kundi zima. Aliyetangulia alimngoja aliyechoka. Hatukumwacha mtu mlimani.”

Siku ya tatu tuliagana naye. Fundi alikuwa amemwahidi mtu mmoja wa Ujiji mlango, naye alipaswa kuutia kesho yake asubuhi, basi alitaka sana kufika usiku ule. Lakini tulipokaribia Kalinzi jua lilikuwa linakuchwa, na mvua ikaanza. Mvua za kwanza zina ubaya wake: vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani huchanganyika na maji, lami ikateleza kama sabuni. Tukajikinga kibandani pamoja na vijana waendesha bodaboda. Mmoja akatushauri tuzime injini, tuiachie pikipiki iserereke yenyewe mpaka bondeni. Akasema, “Ndivyo tufanyavyo sote, wazee. Mafuta hayaliki.”

Fundi aliitazama njia kwa kitambo. Kisha akaniambia, “Mwalimu, tulale hapa. Afadhali mwenye mlango anikasirikie kesho kuliko mke wangu alie leo.” Mama mmoja wa mji ule akatupa mahali pa kulala, akatupikia na maharagwe.

Asubuhi, katika kona ya tatu au ya nne, tulimwona kijana ameketi ukingoni mwa barabara, mguu umevunjika, na pikipiki yake imo mtaroni. Alikuwa ameteremka alfajiri, injini imezimwa. Katikati ya mteremko breki ilipata moto, akaikanyaga, isishike. Kofia yake ilipasuka upande mmoja. Kichwa chake kilikuwa kizima. Fundi akaufunga ule mguu kwa vipande viwili vya ubao na kitambaa, nami nikasimamisha gari lililokuwa likishuka. Akapelekwa hospitali, naye sasa anatembea kwa fimbo.

Ndugu vijana mwendeshao pikipiki, sikieni sababu yake. Katika kupanda, mlima wenyewe hukuzuia. Katika kuteremka, mlima hukusukuma. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Ikipata joto kupita kiasi hupoteza nguvu. Lakini pikipiki iliyo katika gia ya pili, injini ikiwaka, huzuiwa na injini yenyewe, na breki hupata kupumzika. Ukiizima injini na kuitoa gia, umeziachia breki uzito wote, wako na wa abiria na wa mzigo. Tena tumieni breki zote mbili kwa upole, maana katika kuteremka uzito huelekea gurudumu la mbele.

Na habari ya kofia, wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 waliona ya kuwa hupunguza vifo vya waendesha pikipiki waangukao kwa 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika 100.

Mafuta mnayoyaokoa kwa kuzima injini mteremkoni ni kidogo sana, hayafiki bei ya chakula cha siku moja. Mguu uliovunjika hukaa miezi bila kazi, na watoto wakilia nyumbani. Nanyi akina mama, mtu wenu akichelewa mlimani kwa sababu ya mvua, msimkaripie arudipo. Mwenda pole hajikwai. Hata Malagarasi wazunguka, nao wafika ziwani.