Jamaa ya Shakespeare na Shamba Lililowekwa Rehani

William Shakespeare, yule mtunzi wa Kiingereza ambaye tamthilia zake mbili Mwalimu Julius Nyerere alizifasiri kwa Kiswahili, hakuandika kitabu cha maisha yake. Wala haikupatikana barua hata moja ya wazazi wake. Baba yake, John, alipotakiwa kutia sahihi, alichora alama tu. Hata hivyo habari za jamaa hii ya mji mdogo wa Stratford-upon-Avon, katika jimbo la Warwickshire, zajulikana vema. Sababu ni kwamba walikuwa watu wa mashamba, nyumba na madeni. Mambo hayo yaliandikwa kisheria, na hati zikatunzwa.

Babu yake, Richard Shakespeare, alikuwa mkulima wa kijiji cha Snitterfield. Hati za ardhi zaonyesha kwamba alikuwa mpangaji wa Robert Arden, mwenye ardhi wa Wilmcote. Baadaye mwana wa mpangaji akamwoa binti wa mwenye ardhi. Cheti cha ndoa hiyo hakipo, lakini wasia wa Arden wa tarehe 24 Novemba 1556 upo. Katika wasia huo alimwachia Mary, kitinda mimba wa binti zake, shamba lililoitwa Asbies, na fedha pauni 6, shilingi 13 na peni 4.

John Shakespeare alitengeneza glovu za ngozi. Hati ya kwanza inayomtaja mjini Stratford si ya sifa: mwezi wa Aprili 1552 alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika taka katika njia iitwayo Henley Street. Lakini mwaka 1568 mtu huyo huyo akawa mkuu wa mji.

Kisha shida zikamwingia. Mwezi wa Novemba 1578 John na Mary waliweka rehani nyumba na shamba la Wilmcote kwa pauni 40. Aliyewapa fedha hakuwa mgeni, bali Edmund Lambert, mwanyumba wake John, yaani mume wa dada yake Mary. Deni lilikuwa lilipwe mwezi wa Septemba 1580, siku ya Malaika Mikaeli. John na Mary walidai kwamba walizipeleka fedha zile, lakini Lambert akakataa kuzipokea mpaka alipwe na madeni mengine. Lambert alipokufa mwaka 1587, mwanawe alilishika shamba, na kortini akakana kwamba fedha zilitolewa kama ilivyoagizwa. Daawa ilifunguliwa mwaka 1588, na nyingine mwaka 1597. Shamba halikurudi.

Daawa hiyo ya 1588 inamtaja na William. Hati za kumtaja kati ya mwaka 1585 na 1592 ni haba sana, basi ugomvi wa ndugu umetufaidia sisi kuliko ulivyowafaidia wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1597 William alinunua nyumba kubwa ya Stratford iitwayo New Place. Hati ya mauzo yake ni ya namna ya zamani sana. Mapatano yaliandikwa mara tatu juu ya ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa kupindapinda. Mnunuzi alichukua kipande kimoja, mwuzaji cha pili, na kile cha chini, kilichoitwa mguu, kikabaki kortini. Mtu akileta hati ya uwongo, ilitosha kuvilinganisha vipande. Visipoungana, hila yake imeonekana.

Kazi ya kuzisoma hati hizo yataka subira. Nyingi ziliandikwa kwa Kilatini, kwani lugha hiyo iliendelea kutumika katika hati za korti hadi mwaka 1733. Tena, kabla ya 1752, mwaka wa Kiingereza katika sheria ulianza tarehe 25 Machi. Hivyo hati ya Februari 1596 ni ya Februari 1597 kwa hesabu yetu. Asiyelijua hilo aweza kumwandika mtoto kuwa amezaliwa kabla ya wazazi wake kuoana.

Lakini subira ina malipo yake. Mwaka 1909 Charles William Wallace na mkewe Hulda, Wamarekani kutoka Nebraska, walipekua marundo ya hati katika nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini London, wakaupata ushahidi alioutoa Shakespeare mwaka 1612 katika daawa ya mahari, pamoja na sahihi yake. Kwa karibu miaka 300 hapana aliyejua kwamba upo.

Jamaa hii haikujua kwamba wasia, rehani na faini zake zingesomwa na walimwengu. Walikuwa wakiitetea mali yao tu. Mkulima anayekopeshana na ndugu yake, na karani anayeiandika hati hiyo, wote wawili wana la kujifunza hapa: undugu ni mwema, lakini malipo yapewe stakabadhi, na stakabadhi iwekwe mahali pa salama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.