Sambaza moja, rafu tatu

Wandugu, wengi wetu tulifika chuo kikuu bila kutafuta kitabu sisi wenyewe hata siku moja. Shuleni kabati lilikuwa na kofuli. Unaomba kitabu, wanakuletea, ama wanakujibu hakiko, kisha basi. Halafu mwaka wa kwanza unasimama mbele ya rafu ndefu kama mgeni sokoni.

Njo maana kila Jumamosi ninakaa na watoto wa darasa la tano katika maktaba ndogo ya shule moja hapa Bukavu. Vitabu vina namba za Dewey, ule mpango Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876: elimu yote katika mafungu kumi, toka 000 mpaka 900. Kuna wanaoanza kwa kuwakaririsha watoto hayo mafungu yote. Mimi naona ni kuwachosha bure. Ninaanza na sambaza, juu kila mtoto wa hapa anamjua.

Ninauliza: "Kitabu ya sambaza iko wapi?" Wanakimbilia wanyama. Vizuri, kama unataka kujua samaki anavyopumua na anavyozaa, nenda 597. Lakini unataka kujua wavuvi wanavyomvua? Hapo ni 639, ndani ya kilimo (sisi wa agronomi tunafurahi kidogo). Na mama anayetaka kumpika? 641. Samaki ni yuleyule, ila namba inafuata swali lako. Mtoto akielewa hivyo, anajifunza kusimama kwanza, ajiulize anatafuta nini hasa, kisha atembee.

Ugumu unakuja kwenye nukta. Vitunguu viko 635.25, mboga za majani 635.3. Ipi inatangulia? Karibu wote wanasema 635.3, kwa sababu 3 ni ndogo kuliko 25. Tena darasani wamezoea virgule ya Kifaransa, hapa wanakuta nukta. Usieleze sana. Waambie waongeze sifuri: 635.30. Mara moja wanaona kwamba 25 iko mbele ya 30. Hesabu ya mwalimu wao inapata kazi.

Kurudisha kitabu kunataka ukali zaidi. Shule ina nakala moja tu. Ikiwekwa rafu mbaya, hata kama iko ndani ya chumba, kwa mwenzako imepotea. Kwa hiyo kila mtoto ana kipande cha kartoni chenye jina lake. Akitoa kitabu, anaacha kartoni pale pale. Wenye kazi hii kwa Kifaransa wanaiita "fantome", na watoto wanapenda jina hilo kupita kiasi. Ambaye hana uhakika anaacha kitabu mezani, tunakipanga pamoja mwishoni.

Kama shule ya kwenu ina kabati lililofungwa, muombe direkta ufunguo kwa asubuhi moja. Peleka kalamu ya wino mzito, karatasi na gundi. Kwa vitabu mia mbili, tarakimu tatu za kwanza zinatosha kuanza, nukta zitakuja baadaye.